Muulize Fundi: Nimefunga shokapu mpya ya usukani, bado gari linatikisika

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, ya dizeli, four wheel ya muda wote. Nililinunua likiwa limeshainuliwa springi na mwenyewe wa kwanza. Nikifika mwendo wa 70 hivi, gurudumu la mbele likipiga shimo, usukani unaanza kutikisika kulia kushoto na hautulii mpaka nipunguze mwendo karibu na kusimama. Fundi wangu alifunga shokapu mpya ya usukani, mambo yakatulia wiki mbili, sasa yamerudi kwa nguvu zaidi. Anasema dawa ni kubadilisha boksi zima la stelingi, lile lenye gia za usukani. Kitu kingine, naona majimaji meusi mazito upande wa ndani wa gurudumu la kushoto. Je, ninunue hilo boksi? – Dereva mstaafu

JIBU: Marahaba. Boksi usinunue. Walau bado.

Hayo majimaji uliyoyataja mwishoni kama jambo la kupita ndiyo niliyoyasoma mara mbili. Ekseli ya mbele ya gari lako ni bomba gumu la chuma, na kila upande linaishia kwenye tufe. Juu ya tufe hilo kimevalishwa kifundo kinachobeba gurudumu. Kifundo kinageuka kulia na kushoto kwa beringi mbili ndogo za kingipini, moja juu, moja chini. Katikati yake, ndani ya grisi, ndimo inamozunguka sivi jointi, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limegeuzwa. Kinachotenganisha grisi hiyo na oili ya difu, zile gia za katikati ya ekseli, ni sili moja iliyokaa ndani ya tufe. Sili ikifa, oili inaingia kwenye kifundo, grisi inageuka uji mweusi, na uji ule unatafuta njia ya kutoka kupitia kitambaa cha nyuma ya tufe. Beringi za kingipini zinabaki zinasagana karibu kavu, na zinaanza kucheza.

Shokapu mpya ilituliza kwa sababu ndiyo kazi yake, kutuliza. Ni kama kumshika mgonjwa wa homa asitetemeke. Ukimwachia anaendelea pale pale, na homa imepanda. Nikiona gari lina shokapu ya usukani inayong'aa na kila kitu kingine kina kutu, najua kuna mtu alishalipwa kwa kazi isiyofanyika.

Kabla hujafungua nati hata moja, fanya vipimo viwili. Cha kwanza, gari likiwa limesimama kwa matairi yake, injini inawaka, breki ya mkono imevutwa na magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe, mwombe mtu achezeshe usukani kidogo kidogo, kulia kushoto, bila kuuzungusha. Wewe lala chini, weka kiganja kwenye kila kiungo kimoja baada ya kingine: tairodi endi zote (viungo vya ncha za fimbo zinazogeuza magurudumu), fimbo inayotoka kwenye boksi, na panhadi, ile fimbo ndefu inayoshika chasisi upande mmoja na ekseli upande wa pili. Usitegemee macho tu. Kiungo kibovu utakisikia kwenye kiganja kinagonga, tik, tik, kabla jicho halijaona kitu. Panhadi ishikilie sana, bushi zake pamoja na bolti zake. Ikilegea hata kidogo ekseli nzima inatembea pembeni, na mtikisiko kama wako mara nyingi huanzia hapo.

Cha pili, inua gurudumu kwa jeki na uweke stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha ujaribu tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za gurudumu, kwa sababu breki imefunga habu (kitovu cha gurudumu) na kifundo vikawa kitu kimoja. Mchezo ukibaki vile vile na breki imekanyagwa, hizo ni kingipini. Kwa maelezo yako, nategemea utaona la pili upande wa kushoto, na mimi ningefungua pande zote mbili, maana sili ya kulia ina umri ule ule.

Sasa kazi yenyewe. Mwaga oili ya difu kwanza, la sivyo utaikuta kifuani. Kaliper ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa breki. Nati mbili za beringi za gurudumu zinataka soketi ya milimita 54. Naisema namba hiyo kwa sababu nimechoka kukuta nati zimepigwa kwa tindo na nyundo mpaka kingo zote zimekwisha. Nati iliyopigwa tindo huwezi kujua umeikaza kiasi gani, na beringi za gurudumu ndizo zinazodai ukazaji wa kipimo: kaza, zungusha habu zikae sawa, legeza, kaza tena kwa kipimo cha kitabu, halafu ufunge kwa ile washa ya kukunja.

Mkono wa stelingi, ule unaogeuza kifundo, umeshikwa na washa za koni, na hizo hazitoki kwa kubembelezwa. Rudisha nati nyuzi chache tu ili zilinde ncha za studi, kisha gonga mkono wenyewe pembeni kwa nyundo ya shaba hadi koni ziruke. Chini ya mkono na chini ya kifuniko cha upande wa pili utakuta shimu, vile vibati vyembamba. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu. Shimu za juu na za chini hazichanganywi, wala za kushoto na za kulia. Zinafanya kazi mbili: zinaamua kifundo kinageuka kwa uzito gani, na zinakiweka katikati ya mstari wa sivi jointi. Mimi huzifunga kila kundi kwa waya na kibati cha jina, maana kumbukumbu ya mtu mwenye mikono ya grisi siiamini, ikiwemo yangu.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka uone chuma. Uso wa tufe upitishe msasa laini. Ukiuacha na kutu utakula sili mpya. Beringi za kingipini zikishakuwa na vishimo, badilisha pamoja na vikombe vyake. Sivi jointi igeuze mkononi, pitisha kidole kwenye njia za goroli. Ikiwa imelika upande mmoja tu na haijapasuka, kwenye gari lako unaweza kuhamishia ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, ili uso ambao haujatumika ndio ubebe mzigo wa kwenda mbele. Shafti za ndani lakini zibaki kila moja kwake, hazilingani urefu.

Sili mpya ya ndani ipige iingie sawasawa, isilale upande. Halafu unapoingiza shafti, ibebe. Ibebe kweli, kwa mikono miwili, isilalie mdomo wa sili hata mara moja mpaka meno yaingie kwenye difu. Sili nyingi zinazovuja baada ya mwezi zilikatwa siku ya kufungwa, na duka ndilo likatukanwa. Kabla hujavalisha sili za nyuma ya tufe, pima uzito wa kugeuka kwa kifundo kwa mizani ya kuvuta, ile ya ndoano, kwenye tundu la tairodi. Kipimo chukua kwenye kitabu cha gari. Kikiwa chepesi mno, punguza shimu. Kizito mno, ongeza. Kifundo kinachogeuka bure kama bawaba mpya nacho kinaleta mtikisiko, hata beringi zikiwa mpya.

Nati za mkono wa stelingi kaza kwa spana ya kipimo, kisha zirudie baada ya kilomita mia chache. Hili nalisema kwa aibu. Mwaka wangu wa nne kazini nilifunga kifundo, gari likaenda, mimi nikasahau kumwita mwenyewe. Alirudi kwa mwendo wa miguu akisema usukani unachelewa. Studi mbili zilikuwa zimekatika, mbili zilizobaki zimelegea, mkono unaning'inia. Tangu siku ile huandika kwa rangi nyeupe kwenye kioo cha mbele, ndani, mbele ya macho ya dereva: RUDI UKAZIWE.

Umesema gari limeinuliwa. Kwenye 80, ukiweka springi ndefu na mikono mirefu ya ekseli ikabaki na bushi zake za kawaida, ekseli inajiviringisha na kasta, yaani ule mwinamo wa kifundo kwenda nyuma, inapungua. Kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Ikipungua, gari linatangatanga na mtikisiko unapata pa kuanzia. Baada ya kumaliza vifundo, peleka gari lipimwe. Kama kasta imepotea, zipo bushi zenye tundu la pembeni zinazoirudisha. Balansi ya matairi pia, lakini hiyo umeshaambiwa na kila mtu.

Na boksi? Likivuja au likicheza baada ya haya yote, tutalizungumza. Skrubu ya juu yake usikubali ikazwe ovyo kwa sababu eti usukani umelegea. Ikibana kupita kiasi, usukani hautarudi wenyewe na meno ya ndani yatalika.

SWALI: Fundi, pikapu yangu ya four wheel ya kuwasha na kuzima inagonga tak-tak-tak nikikata kona hadi mwisho. Ni difu? – Mama Mwenye Pikapu

JIBU: Mama, nijibu kwanza: inagonga four wheel ikiwa imewashwa, kwenye barabara ngumu kavu? Kama ndiyo, zima. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa kwenye kona, na kwenye lami hakuna pa kuteleza, kwa hiyo mfumo mzima unajisokota. Kama inagonga hivyo hivyo kwenye mchanga au tope, na zaidi unapokanyaga mafuta, hiyo ni sivi jointi, na maelezo ya mzee hapo juu mengi yanakuhusu, kama na ya kwako ni ekseli ngumu. Ikiwa ya mbele inakwenda kwa mikono miwili miwili kila upande na shafti zina viatu vya mpira, angalia kiatu kilichochanika. Grisi itakuwa imerukia ndani ya rimu.