Vigawanyo vya saa ya skrini kwenye i.MX6: LVDS inayoharibika HDMI ikichomekwa

Mkuu, nimelielewa swali lako hivi: bodi ni i.MX6 Quad (chipu ya NXP), paneli ni LVDS (njia ya kupeleka picha kwa jozi za waya) ya 1280×800 chaneli moja, na chanzo cha saa yake (mapigo yanayoongoza pikseli) umekiweka PLL5, kizalishaji cha masafa ndani ya chipu. Picha ni safi, lakini ukichomeka HDMI ya 1080p paneli inacheza au inazima kabisa. Unauliza kigawanyo cha saa ya pikseli kiandikwe wapi kwenye mti wa vifaa (device tree).

Hakiandikwi. Mti wa vifaa unaieleza kerneli ya Linux jinsi saa zilivyounganishwa, ipi inatoka wapi na inapitia wapi. Namba za kugawanya draiva anazikokotoa mwenyewe kutokana na masafa ya pikseli uliyompa. Kazi yako ni kuchagua chanzo na kuhakikisha hesabu inawezekana kutoka kwenye chanzo hicho, na kwako hapo ndipo penye tatizo.

Anza na datashiti ya paneli. Kwa paneli nyingi za 1280×800, jumla ya mlalo pamoja na sehemu isiyoonekana ni 1440, na jumla ya wima ni 823. Zidisha: 1440 × 823 × 60 = 71,107,200, yaani 71.1 MHz. LVDS hupeleka biti 7 kwa kila pikseli kwenye kila jozi ya waya, kwa hiyo saa inayoingia LDB (sehemu ya chipu inayotoa LVDS) lazima iwe mara 7 ya hiyo: 497.7 MHz. Saba hiyo imo kwenye maumbile ya LVDS, hakuna mpangilio wa kuibadilisha. Ndani ya chipu inapatikana kwa hatua mbili, kwanza kugawanya kwa 3.5, kisha kwa 2. Paneli ya chaneli mbili (yenye `fsl,dual-channel`) inaishia kwenye 3.5, kwa sababu kila chaneli inabeba nusu ya pikseli. Ndiyo maana kwenye clk_summary (orodha ya kerneli ya saa zote) utaona `ldb_di0_div_3_5` na chini yake `ldb_di0_podf`.

Sasa panda juu kwenye PLL5. Masafa yake ni 24 MHz mara namba kamili kuanzia 27 hadi 54, pamoja na sehemu ya desimali. Maana yake haishuki chini ya 648 MHz na haivuki sana 1300. Wewe unataka 497.7, ambayo iko chini ya sakafu, kwa hiyo PLL inapiga 995.4 (24 × 41.475) na kigawanyo kinachofuata kinaigawa kwa 2. Baada ya PLL5 kuna vigawanyo viwili, na kila kimoja kinajua 1, 2 au 4 tu, tatu haipo. Paneli ya 1024×600 yenye 51.2 MHz inahitaji 358.4, nayo inapatikana kwa 716.8 ÷ 2. Paneli ndogo ya 33.3 MHz inahitaji 233.1, ukizidisha kwa 2 unapata 466.2, bado haifiki sakafu, kwa hiyo ni 932.4 ÷ 4. Full HD ya chaneli mbili ni 148.5 × 3.5 = 519.75, kutoka 1039.5 ÷ 2. Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla hujagusa faili lolote. Angalizo dogo: chipu za Quad za toleo la 1.0 kabisa, vigawanyo hivyo viwili vya PLL5 havifanyi kazi.

Kwa nini HDMI inavuruga? IPU (sehemu ya chipu inayoandaa picha za skrini) ina saa yake ya ndani, 264 MHz kwenye Quad. Draiva huitumia kwa HDMI ikiwa tu kuigawa kwa namba kamili kunakaribia masafa yanayotakiwa kwa tofauti isiyozidi asilimia 1. 264 ÷ 148.5 ni 1.78, ukikadiria kuwa 2 unapata 132, iko mbali mno. Draiva anakwenda basi kwenye chanzo cha nje, na kerneli ya kawaida imeshaielekeza njia hiyo kwenye PLL5. HDMI inaomba masafa yake, PLL5 inahama, na LVDS inayokunywa kisima hicho hicho inahama nayo. Tokeo la PLL5 likikaa kwenye 148.5, paneli yako inapata 148.5 ÷ 7, yaani MHz 21.2. Hakuna paneli ya 1280×800 itakayosimama hapo.

Dawa ni kutenganisha visima. HDMI iachie PLL5, kwa sababu ndiyo inayohitaji masafa mengi tofauti. LVDS ipeleke PLL3, ambayo haihami kutoka 480 MHz:

```
&clks {
    assigned-clocks = <&clks IMX6QDL_CLK_LDB_DI0_SEL>,
                      <&clks IMX6QDL_CLK_LDB_DI1_SEL>;
    assigned-clock-parents = <&clks IMX6QDL_CLK_PLL3_USB_OTG>,
                             <&clks IMX6QDL_CLK_PLL3_USB_OTG>;
};
```

Ukiacha hapo, 480 ÷ 7 = 68.57 MHz. Draiva ataomba 497.7, atapewa 480, na ataendelea bila kugoma. Paneli itawaka, lakini kwa 57.86 Hz badala ya 60. Paneli nyingi huvumilia, ila video itakuwa inaruka fremu na utatafuta kosa mahali pasipo kosa. Bora urekebishe vipimo vya muda viendane na saa uliyo nayo. 68,571,428 ÷ 60 ni takriban 1,142,857, kwa hiyo punguza jumla ya mlalo kutoka 1440 hadi 1388: 1388 × 823 inatoa 60.03 Hz. Mfano:

```
panel-timing {
    clock-frequency = <68571428>;
    hactive = <1280>;
    hback-porch = <40>;
    hfront-porch = <38>;
    hsync-len = <30>;
    vactive = <800>;
    vback-porch = <10>;
    vfront-porch = <6>;
    vsync-len = <7>;
};
```

Mlalo usioonekana hapo ni 108, wima ni 23. Linganisha na safu ya kiwango cha chini kwenye datashiti yako. Ukishuka chini yake, picha inasogea pembeni au mistari ya mwisho inakatika. Kwa paneli ya 1024×768 yenye 65 MHz mambo yanageuka: 68.57 inazidi, unapata 63.3 Hz, kwa hiyo unaongeza jumla ya wima kutoka 806 hadi 850 na kuacha mlalo kwenye 1344.

Utaona vyanzo vingine kwenye orodha na utavutiwa navyo. PFD2 (tawi la PLL2) ya 396 MHz inatoa 56.57 tu, halafu kadi za SD na vitu vingine vinaitegemea, usiibadilishe masafa. MMDC_CH1 imefungamana na njia ya saa za kumbukumbu. Achana nazo.

Sasa hili lisome polepole, maana ndilo linalokula siku za watu. Kwenye i.MX6 zilizotangulia QuadPlus, swichi inayochagua chanzo cha LDB ina kasoro inayojulikana kama ERR009219. Ukiigeuza wakati saa zinapiga, inaweza kupitisha pigo fupi bovu, na kigawanyo cha 3.5/7 kikilipokea kinakwama. Kikikwama hakitoi saa tena: taa ya nyuma inawaka, skrini nyeusi, na hakuna kosa lolote kwenye logi. Mbaya zaidi hutokea mara moja moja tu, leo bodi inawaka vizuri, kesho hapana. Kerneli ya kawaida hukwepa kwa kusoma `assigned-clock-parents` mapema sana wakati wa kuwaka, kuzima vyanzo, kugeuza swichi, kisha kuifunga isibadilishwe tena. Kwa hiyo usijaribu kubadili chanzo baada ya mfumo kuwaka.

Kama butiloda yako (programu inayopakia kerneli) inaonyesha nembo kwenye LVDS, yenyewe imeshageuza swichi kabla ya kerneli. Angalia dmesg (logi ya kerneli), kuna onyo kwamba `ldb_di0_sel` imeshatoka kwenye thamani yake ya mwanzo. Butiloda na kerneli zichague chanzo kile kile, na butiloda nayo izime vyanzo kabla ya kugeuza. Ukitaka kuhakikisha, soma rejista moja kwa moja: kwenye `0x020C402C` biti za 9 hadi 11 ni chanzo cha DI0 (0 ni PLL5, 4 ni PLL3, 3 ndiyo ya mwanzo), na kwenye `0x020C4020` biti ya 10 ikiwa 1 ni kugawanya kwa 7, ikiwa 0 ni 3.5. Paneli ya chaneli moja yenye 0 hapo inapata saa mara mbili ya inayotakiwa.

Kwa ukaguzi wa kawaida inatosha hii:

```
mount -t debugfs none /sys/kernel/debug
grep -E "pll3_usb|pll5_video|ldb_di0|ipu1_di0" /sys/kernel/debug/clk/clk_summary
```

Soma kabla ya kuchomeka HDMI na baada yake. `pll5_video` inaruhusiwa kuhama. `ldb_di0` ibaki 68571428 au jirani yake. Ukiona draiva wa LDB analalamika kwamba umevuka 85 MHz, umeipa chaneli moja mzigo wa chaneli mbili (kikomo cha chaneli mbili ni 170).

Rangi zikiwa za ajabu, mfano ngozi ya mtu kuwa na madoa ya kijani huku picha imetulia, usiguse saa. Hiyo ni `fsl,data-mapping`: umeweka jeida penye spwg au kinyume chake (ni mipangilio miwili ya biti za rangi), au `fsl,data-width` ni 18 wakati paneli ni ya 24. Saa mbovu hutetemesha picha, huisogeza au huizima. Rangi haizigusi.

Ukishabadilisha, weka hapa matokeo ya amri hiyo ya pili, yote mawili, pamoja na ukurasa wa vipimo vya muda wa datashiti ya paneli yako.