Je, Mwanangu Arukishwe Madarasa?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zetu kutoka Lanet, Nakuru. Tangu likizo ya Agosti tumekuwa tukitazama Young Sheldon, ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani inayomhusu mvulana aliyeingia shule ya upili akiwa na umri wa miaka 9. Mwanangu naye ana miaka 9, yuko gredi ya nne, na hesabu za dada yake wa gredi ya sita huzifanya bila kushika kalamu. Jioni hukaa nami kibandani, dada yake akipika na kuosha sufuria nyumbani, na kabla sijafungua kikoba huwa amekwisha kumtajia mteja chenji yake. Baba yake ameshikilia kwamba mwakani mtoto aingie gredi ya saba moja kwa moja, la sivyo kipawa chake kitapotea bure. Mimi nasita. Tena msichana siku hizi amekuwa mkali, na tamthilia hiyo ikiwashwa huondoka sebuleni. Tufanyeje? — Mama Neema

JIBU: Mama Neema, baba watoto ana haki ya kuhofia kipawa cha mwanawe, kwa maana mtoto anayemaliza zoezi kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni huchoka, na akichoka huanza utundu. Hata hivyo, naona ameitazama tamthilia hiyo kwa jicho moja. Hebu rudieni kipindi cha kwanza kabisa. Mwaka ni 1989, katika mji wa kubuni wa Medford, Texas, na Sheldon anaporukishwa madarasa anajikuta darasa moja na kaka yake Georgie, kijana aliyemzidi miaka kadhaa, katika shule ambayo baba yao ni kocha wa futiboli ya Kimarekani. Sisi tunacheka, lakini Georgie hacheki. Misimu kadhaa baadaye anaacha shule na kwenda kutafuta pesa, na ijapokuwa watunzi hawasemi kwamba kisa ni mdogo wake, mimi sisahau ile aibu ya mwanzo. Sasa piga hesabu ya nyumbani kwako: ukimpeleka mvulana gredi ya saba mwakani, atakuta nani ameketi darasani humo? Dada yake.

Kuhusu msichana huyo, umeniandikia jibu mwenyewe bila kukusudia, pale uliposema kwamba mmoja anasifiwa kibandani huku mwingine yuko jikoni na masizi. Missy, pacha wa Sheldon, alizaliwa naye siku moja, lakini nyumba nzima huendeshwa kwa mahitaji ya ndugu yake, ambaye hata wakati wa kushikana mikono kuombea chakula huvaa glavu kwanza kwa kuogopa vijidudu. Katika msimu wa sita Missy anachukua pikapu ya baba yake na kutoroka pamoja na Paige. Huyo Paige ndiye wa kuangaliwa sana na baba Neema, kwa sababu naye ni mtoto mwenye akili kama za Sheldon, na wazazi wake walipotengana akili hizo hazikumzuia kuyumba.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu, badilisheni zamu za jioni: msichana aje kibandani, mvulana ashike sufuria. (Naye atalalamika, mwache alalamike.) Siku ripoti za shule zitakapokuja, someni zote mbili kwa sauti ileile, na ya binti ianze.

Suala la shule lenyewe lina njia nzuri kuliko kuruka. Mwishoni mwa gredi ya sita kuna tathmini ya kitaifa, ambayo alama zake huhesabiwa mtoto anapopangiwa shule ya sekondari ya juu, kwa hiyo anayetaka kuivuka kwa mguu mmoja anamtafutia mtoto matatizo ya baadaye. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawataja wanafunzi wenye vipawa miongoni mwa wanaohitaji elimu maalumu, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, kwa kuwa tukisikia elimu maalumu tunafikiria ulemavu pekee. Mwombeni mwalimu wa darasa awaelekeze kwenye kituo cha tathmini ya elimu, mtoto apimwe na mtu aliyesomea kazi hiyo. Wakati huohuo ombeni apewe hesabu za gredi ya sita katika kipindi cha hesabu tu, na Kiswahili, michezo na masomo mengine abaki na wenzake wa rika lake. Jumamosi apelekwe maktaba ya taifa hapo Nakuru, pamoja na dada yake. Tena muulizeni yeye mwenyewe anataka nini, maana katika barua yako sikuona popote alipoulizwa.

SWALI: Mwalimu, kwa nini watunzi wa tamthilia hiyohiyo walimuua baba yake Sheldon karibu na mwisho? Watoto wangu walilia, nami nilijikaza. — Baba Otieno, Kisumu

JIBU: Pole, Baba Otieno. Hawakuwa na hiari kubwa. Young Sheldon ilitokana na The Big Bang Theory, iliyoonyeshwa kuanzia 2007 hadi 2019, na humo ilikwisha kutajwa kwamba Sheldon alifiwa na baba akiwa na miaka 14. Ajabu ni kwamba katika tamthilia ile ya kwanza Sheldon mtu mzima humtaja baba yake kama mlevi tu, ilhali katika hii tunamwona kocha aliyechoka, mwenye bia yake mkononi, ambaye bado hukaa na kumsikiliza mwana asiyemwelewa. Vipindi viwili vya mwisho vilionyeshwa usiku mmoja, tarehe 16 Mei 2024. Kama watoto waliishia kwenye mazishi, wawekee kile cha pili: Sheldon, ambaye sasa ni mtu mzima, anaandika kumbukumbu zake, naye mkewe anamhimiza aende kumtazama mtoto wao akicheza magongo ya barafuni.