Venus wa Capitolini: Mgiriki au Mrumi?

Umeuliza kwa nini Venus wa Musei Capitolini, makumbusho pale Roma, anaitwa sanamu ya Kirumi wakati wengine wanasema ni kazi ya Kigiriki. Wote wako sawa, ila nusu nusu. Wazo ni la Praxiteles, mchongaji Mgiriki wa karne ya 4 KK, aliyemchonga Aphrodite wa Knidos, mji wa Kigiriki, akiwa uchi; Aphrodite ni mungu wa kike wa mapenzi, ambaye Warumi walimwita Venus. Sanamu ile ya kwanza ilishapotea. Huyu wa Roma alichongwa karne nyingi baadaye, kwa marumaru, kwa ajili ya wateja wa Kirumi waliopenda mitindo ya Kigiriki.

Ukimtazama, usiishie usoni. Angalia chini, kando ya mguu: kuna mtungi mrefu na nguo imetupiwa juu yake. Ndiyo hadithi yenyewe, mungu wa kike yuko kwenye kuoga, na mikono anajisitiri kama aliyesikia mtu nyuma ya mlango. Lakini mtungi huo una kazi nyingine: marumaru ni nzito, na vifundo vyembamba vile vya miguu peke yake vingevunjika. Fundi kaficha nguzo ndani ya hadithi. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Alifukuliwa Roma karne ya 17, Papa Benedict XIV akamkabidhi kwa makumbusho hayo mwaka 1752. Napoleon naye akambeba hadi Paris, alirudishwa 1816.

Na huo weupe usikudanganye, zamani sanamu hizi zilipakwa rangi.