Jibu: Kwa nini wazee wanaiita barabara kuu ya Mbeya TANZAM

Mdau, jina ni Tanzania na Zambia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walipojitangazia uhuru, njia ya kusini ya Zambia iliyopita huko Rhodesia ikawa mashakani. Mafuta ya Zambia yakaanza kupitia Dar es Salaam, shaba yake ikaja huku. Na barabara ilikuwa ya vumbi! Mvua ikinyesha, tope tupu, malori yanapinduka milimani. Lami ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikawa imekamilika.

Ukitokea Iringa unapita Makambako, unaingia Uyole (hapo ndipo unapokata kwenda Tukuyu na Kyela), kisha Mwanjelwa, Iyunga, Mbalizi hadi Tunduma. Simama Uyole asubuhi: ndoo za viazi kandoni, malori ya Zambia yakipumua breki. Shughuli ileile ya tangu 1965.