Kabla hujaipenda roketi, uliza nani ameshalipa nauli

Wiki hii vijana wetu wapya wameniletea memo tatu za kuwekeza kwenye kampuni za anga, na zote zimeanza na picha ya roketi ikiwaka moto, zote zina ile slaidi ya soko la matrilioni, na hakuna hata moja inayosema mteja ametoa shilingi ngapi mpaka leo. Wadogo zangu nawapenda, mnakesha na hizo spredishiti na hesabu za injini mnazijua kunishinda, lakini haya makosa nayaona kila mwaka na mimi mwenyewe niliyafanya, kwa hivyo nisikilizeni.

1. Acheni kunitajia Falcon 1, ile roketi ya kwanza ya SpaceX. Kila kampuni ikiangusha roketi mnaniambia hata SpaceX walianguka mara tatu. Kweli walianguka, 2006, 2007 na 2008, na ya nne ikafika Septemba 2008. Ila Desemba ya mwaka uleule NASA iliwapa mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kituo cha kimataifa cha anga, na hapo ndipo walipopata pumzi. Mkiniletea kampuni iliyoanguka mara tatu nileteeni na mteja wa aina hiyo. Virgin Orbit, kampuni ya roketi ndogo, walishafika obiti mara nne, wakakosa moja kule Cornwall Januari 2023, na Aprili wako mahakamani wamefilisika. Roketi ilikuwa inaruka jamani, hela ndiyo ilikuwa imeisha.

2. Barua za nia, zile mteja anazoandika kwamba anakusudia kununua, si mikataba. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2021 hela za SPAC, zile kampuni tupu zinazoingizwa soko la hisa ili zije kuungana na kampuni halisi, zilikuwa zimejaa kila kona na mimi nikaisimamia dili ya kampuni moja ya roketi ndogo. Nilienda mpaka kiwandani, wakaniwashia injini kwenye stendi ya majaribio, kifua kikatetemeka, nikarudi London nimeshaamua. Walikuwa na barua za nia 11. Nikaziingiza kwenye modeli ya hesabu kama mapato, nikakata asilimia 40 nikajiona muangalifu sana. Wateja niliowapigia simu ni wawili tu, na namba zao nilipewa na mwanzilishi mwenyewe.

Ingeishia kwa hela ya faundi ningesema ni kazi. Lakini ami yangu alikuwa ndio amestaafu, anaishi hukuhuku Uingereza, na yeye ni mtoto wa Malindi, alikuwa mdogo wakati Waitaliano wanarusha roketi pale baharini San Marco, ile setilaiti ya Uhuru ya Desemba 1970 mpaka leo anaihadithia. Nilipomwelezea hii dili macho yakamng'aa. Akaingia kupitia kikundi cha wawekezaji binafsi na sehemu ya kiinua mgongo chake. Hakusoma chochote, aliniamini mimi.

Uzinduzi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, halafu ukafanyika na roketi ikaanguka haijamaliza hata dakika. Benki kulikuwa na hela ya miezi minne. Sasa ndio nikapiga simu kwa wote 11. Wengi walikuwa startapu kama kampuni yetu ya roketi, hawajafunga raundi zao za kutafuta mtaji, na kwenye pichi deki zao, zile slaidi za kuombea hela, wametuandika sisi kama usafiri wao! Yaani sisi tunawahesabu wao kama wateja, wao wanatuhesabu sisi kama gari, na wote tunasubiri hela kwa watu walewale. Wenye hela walishahamia kwenye safari za pamoja za Falcon 9, roketi kubwa ya SpaceX, ile matatu ya setilaiti, ambayo SpaceX waliitangaza tangu 2019 kwa dola milioni 1 kwa kilo 200.

Nikaenda kwa ami kumwambia. Akanimiminia chai, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Kati ya hao kumi na mmoja, nani alikuwa ametoa hata deposti?" Hakuna. Na hilo jibu lilikuwa kwenye folda ya nyaraka niliyoifungua mwenyewe kabla ya kusaini, nikaipita haraka kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda roketi. Hakunilaumu hata kidogo, na hiyo iliniuma zaidi kuliko angenifokea.

3. Kwenye mkataba anza na deposti, halafu kile kifungu cha mteja kujitoa, bei iangalie mwisho.

4. Hesabu hela mpaka uzinduzi wa pili, sio wa kwanza. Na ratiba ya mwanzilishi iongezee mwaka, usibishane naye, ongeza tu.

5. Masafa ya redio, yale setilaiti inayotumia kuwasiliana na ardhini! Kampuni haina kibali cha masafa bado mnaniandikia mapato ya mwaka wa kwanza, hiyo memo siisomi.

6. Pendeni vitu visivyo na moshi. Rocket Lab, kampuni ya roketi ndogo, walinunua kampuni ya Sinclair mwaka 2020, watengeneza magurudumu ya kugeuzia setilaiti na vifaa vya kusoma nyota, na leo upande wao wa setilaiti na vipuri unaingiza hela nyingi kuliko kurusha. Ripoti zao za robo mwaka ziko wazi, zisomeni.

Aprili 2023 Kenya iliporusha setilaiti yake ya Taifa-1 ami alinipigia kwa furaha. Akauliza imepanda nini, nikamwambia Falcon 9, imechanganywa na zingine makumi. Akanyamaza kidogo.

"Ile matatu," akasema.

"Ndiyo ami, ile matatu."

Akacheka, akaniuliza nakuja lini kula.