Jeki ya bei nafuu au ya kifundi?

Ndugu, nimekuelewa: unabadilisha oili na pedi za breki mwenyewe nyumbani, na hujui kama jeki ya ghali ina faida kwako. Kwa gari dogo, jeki ya magurudumu ya tani 2 ya bei ya kawaida inatosha kabisa. Ya kifundi hudumu zaidi na sili zake (mipira ya ndani inayozuia oili isivuje) hubadilishika, lakini ni nzito mno kuiburuta.

Pesa itakayobaki nunua stendi mbili za kushikilia gari likishanyanyuliwa, tafadhali sana. Jeki yoyote ni ya kunyanyulia tu. Sili ikiachia, gari linashuka na wewe uko chini. Sakafu iwe ngumu, matairi yaliyobaki chini yawekewe vizuizi. Ukiona pistoni ya jeki inalowa oili, usiitumie, mpelekee fundi.