Kwa wanaoanza kazi ya kutibu mbwa na paka Lubumbashi

Ndugu mnaoanza kazi, mtakapoletewa mbwa mzee au paka aliyekonda, msikimbilie kipimajoto kabla ya kumsikiliza aliyemleta. Katika chumba cha matibabu mbwa hutetemeka kwa hofu na paka hujikunja akanyamaza, na hali hizo hazikuonyeshi anavyoishi nyumbani. Mwenye mnyama ndiye anayejua kama mbwa bado anainuka kumpokea jioni, kama anawafuata watoto hadi barabarani, kama anamaliza bukari (ugali) yake au anainusa na kuiacha. Mimi humwomba ataje mambo matatu ambayo mnyama aliyapenda sana alipokuwa mzima, kisha tunahesabu ni mangapi bado anayafanya.

Kipo pia kipimo kilichotolewa mwaka 2004 na Alice Villalobos, daktari wa wanyama wa Marekani, nacho huangalia maumivu, kula, kunywa, usafi, furaha, mwendo, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla inayozidi 35 huonyesha kwamba maisha ya mnyama bado yanastahimilika. Nawasihi msijaze alama hizo peke yenu. Mpeni mwenye mnyama karatasi aijaze nyumbani kila wiki, kwa sababu alama za siku moja hudanganya, ilhali alama za wiki nne huonyesha mnyama anaelekea wapi. Asiyeandika anaweza kutia punje ya hindi kikombeni kwa siku njema na kijiwe kwa siku mbaya. Mama mmoja wa Katuba alifanya hivyo kwa uaminifu kuliko wengi wenye kalamu.

Paka wanadai jicho kali zaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilimrudisha nyumbani paka aliyekuwa akikoroma mikononi mwangu, nikiamini kwamba ametulia, kumbe paka hukoroma vilevile anapoumwa. Tangu hapo natazama uso wake: masikio yaliyogeuka upande, macho yaliyofinywa, mdomo uliokaza, sharubu zilizonyooka, kichwa kilichoshuka chini ya mabega. Paka aliyeacha kujilamba au kuruka juu ya ukuta aliouzoea, mara nyingi ana maumivu, hata kama nyumbani wanasema amezeeka tu.

Kuhusu kuboresha maisha, mbwa mmoja wa ulinzi alinifundisha mengi. Aliletwa mwezi wa saba, wakati baridi ya usiku inapouma, na mwenyewe aliomba sindano ya kumlaza asiamke. Mbwa alishindwa kuinuka asubuhi, ila akishatembea kidogo mwendo wake ulikuwa mwepesi, na hiyo ni dalili ya kawaida ya viungo vilivyochakaa. Nilipokwenda kwenye lupango, yaani uwanja wa nyumba yao, nilikuta amefungwa mnyororo mfupi, analala juu ya sementi, maji yake yako mbali kuliko mnyororo unavyofika, na mwili wake umenenepa kupita kiasi. Tulimtandikia magunia yaliyojazwa majani makavu mahali pasipo upepo, tukasogeza maji, tukapunguza bukari na kumwongezea ndakala (dagaa) kidogo, akafunguliwa na kutembezwa polepole mara mbili kwa siku, na akapewa dawa ya viungo iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Wiki ya kwanza jumla yake ilikuwa 27. Baada ya mwezi ilifika 45. Sehemu kubwa ya tiba hiyo haikutoka kabatini mwangu, na ndiyo maana nasisitiza mwende mkaone anapolala mnyama.

Waulizeni pia, bila kuwakaripia, kama wamempa mnyama dawa za watu. Parasetamoli huua paka hata kwa kidonge kimoja, na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa. Msimu wa mvua, tafuteni kupe ndani ya masikio na kati ya vidole.

Kama alama hazipandi licha ya yote hayo, msimwachie mwenye mnyama peke yake uamuzi wa sindano ya kumlaza asiamke. Keti naye, rudieni karatasi za wiki zote pamoja, mweleze waziwazi unachokiona, mpange siku, na watoto wa nyumba wanaotaka kumuaga waachwe wamkaribie.